Jinsi ya kuchagua baiskeli ya umeme yenye mota ya krenki

Maswali ninayoulizwa kuhusu baiskeli hizi ni yale yale. "Nichukue ya Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) ngapi?" "Wati 250 zitanipandisha mlima kweli?" "Mbona hii ni ghali kuliko ile yenye mota kwenye gurudumu, na zote zimeandikwa wati sawa?" Nimekuwa nikiyajibu vipande vipande. Hapa nayajibu kwa pamoja, hatua kwa hatua, ili anayenunua kwa mara ya kwanza asilipie namba kubwa halafu akwamishwe na kitu kidogo.

Niseme msimamo wangu mapema: mota ndiyo sehemu rahisi kuchagua. Mota za krenki za kampuni zinazojulikana karibu zote zinafanya kazi vizuri. Kinachowaumiza watu mwaka wa nne au wa tano ni betri ambayo haiuzwi tena, gia zisizolingana na njia zao, au mota ambayo hakuna fundi wa karibu mwenye programu ya kuisoma. Hayo ndiyo nitakayoyakalia zaidi.

Nadharia ni hii tu, wala haizidi hapa. Mota ya krenki imefungwa pale mikono ya pedali inapoingia kwenye fremu. Inazungusha krenki, yaani mikono hiyo, pamoja na miguu yako, na nguvu yake inapita kwenye cheni, kisha kwenye sproketi (magurudumu ya meno) za nyuma, ndipo inafika kwenye gurudumu. Kwa hiyo mota inatumia gia zile zile unazotumia wewe. Ukiweka gia nyepesi mlimani, nayo imepata gia nyepesi. Ukisahau gia nzito, nayo inateseka pamoja nawe. Wazo lenyewe si geni: Yamaha waliuza baiskeli ya kusaidiwa na mota ya namna hii tangu 1993.

Kabla ya kuanza, andaa haya

Usiende dukani mikono mitupu. Kaa chini na kalamu, uandike:

- Safari yako ndefu ya kawaida, kwenda na kurudi, kwa kilomita. Si ile ya mara moja kwa mwaka.
- Mlima mkali kuliko yote kwenye njia hiyo, na kama unaupanda mwanzoni au mwishoni mwa safari.
- Uzito wako pamoja na mzigo: begi, mtoto, bidhaa, chochote unachobeba.
- Baiskeli italala wapi, na utachajia wapi. Kama kuna ngazi, andika ni ghorofa ya ngapi. Nyingi za aina hii zina kilo 20 hadi 28.
- Sheria ya mahali unapoendesha. Umoja wa Ulaya unataka mota ya wati 250 za kudumu na msaada ukatike kwenye kilomita 25 kwa saa. Kanada ni wati 500 na kilomita 32. Marekani, majimbo mengi yana madaraja matatu yenye ukomo wa kilomita 32 au 45 kwa saa, na mota isizidi wati 750.
- Jina la fundi mmoja aliye tayari kuishika baiskeli hiyo baada ya udhamini kuisha. Mpigie kabla hujanunua.

Siku ya kwenda kuiona, beba rula ya chuma ya sentimita 30 na zaidi kidogo au kipimo cha cheni, mita ya umeme ya kawaida, na mizani ya kuning'iniza mizigo. Simu yako itapiga picha za lebo.

Hatua ya 1: Jiulize kama unaihitaji kweli mota ya krenki

Kama njia yako ni tambarare, mzigo ni mwepesi na unataka kitu kisicho na mambo mengi, mota ya kwenye gurudumu inakutosha. Ni rahisi zaidi, haiitesi cheni, na kama ina kipini cha kuongeza mwendo itakufikisha nyumbani hata cheni ikikatika. Ya krenki cheni ikikatika, wewe na mota mmesimama wote.

Mota ya krenki inastahili gharama yake pale penye milima mirefu, mizigo mizito, au barabara mbovu ambako unapanda taratibu kwa muda mrefu. Mota ya gurudumuni isiyo na gia ikilazimishwa kuzunguka polepole chini ya mzigo, umeme mwingi unageuka joto badala ya mwendo. Ya krenki unaishushia gia ikaendelea kuzunguka kwa kasi inayoipenda. Tena ukipata pancha, gurudumu unalifungua kama la baiskeli yoyote, hakuna waya wa mota wa kuchomoa.

Hatua ya 2: Soma namba za mota bila kudanganyika

Wati zilizogongwa kwenye mota ni za kudumu, zile inazoweza kuzitoa mfululizo bila kupata joto kupita kiasi. Ni namba ya kisheria kuliko kipimo cha nguvu yako ya kupanda. Mota za krenki za Bosch Performance Line CX na Shimano EP8 zote mbili zimeandikwa wati 250, lakini kwa muda mfupi hutoa mara mbili ya hapo au zaidi. Ndiyo maana wati 250 za krenki zinapanda mlima ambao wati 250 za mota dhaifu ya gurudumuni zinaukimbia.

Namba ya pili ni nguvu ya kuzungusha, Nm. Kwa kukadiria tu:

- Nm 40 hadi 50: mjini, tambarare na vilima vidogo. Bosch Active Line ni 40, Active Line Plus ni 50.
- Nm 60 hadi 75: matumizi mchanganyiko, mzigo wa wastani.
- Nm 85 na kuendelea: milima mikali, njia za porini, baiskeli za mizigo.

Hapo ndipo wengi wanapokomea, na ndipo wanapokosea. Nm hizo zimepimwa kwenye krenki, lakini kinachokupandisha ni kile kinachofika kwenye gurudumu, na katikati yake kuna gia. Hesabu yake ni nyepesi: chukua Nm za mota, zidisha kwa meno ya sproketi ya nyuma, gawanya kwa meno ya sproketi ya mbele.

Baiskeli ya kwanza ina mota ya Nm 85, meno 44 mbele, na sproketi kubwa ya nyuma ina meno 28. Gurudumuni zinafika kama Nm 54. Ya pili ina mota ya Nm 60, meno 38 mbele na 42 nyuma. Gurudumuni zinafika kama Nm 66. Ile yenye mota "ndogo" itakusukuma kwa nguvu zaidi kwenye mlima mkali, ingawa kwa mwendo wa chini. Hesabu meno kwa kidole kama hayajaandikwa. Usione haya mbele ya muuzaji. Ni dakika moja.

Onyo: ukiambiwa "wati 1000" na hakuna anayeweza kukuonyesha lebo ya mota, chukulia kwamba namba hiyo haipo.

Hatua ya 3: Angalia aina ya sensa

Mota inajuaje kwamba unataka msaada? Kuna njia mbili. Sensa ya mzunguko inaangalia tu kama krenki inazunguka. Ikizunguka inawasha mota, ikisimama inaizima. Sensa ya nguvu inapima umekanyaga kwa uzito gani na kuongeza kwa uwiano huo. Ya kwanza inakupa msaada ule ule hata kama unagusa pedali tu, ya pili inakujibu mguu wako.

Kwa mota ya krenki, chukua yenye sensa ya nguvu. Sababu kubwa ni cheni. Mota inayoamka ghafla kwa nguvu zote, huku gia ikiwa haijakaa sawa, inakata cheni na kung'oa meno. Sensa ya nguvu inaanza taratibu na inalegea ukilegeza mguu, kwa hiyo unaweza kubadilisha gia bila kusikia ule mlio wa chuma kugongana. Mwenye magoti mabovu asiyeweza kukanyaga kwa nguvu, huyo namwelewa akitaka sensa ya mzunguko. Basi ahakikishe baiskeli ina swichi kwenye breki inayokata mota mara moja.

Hatua ya 4: Betri ndiyo unayoinunua kwa kweli

Tenga muda mrefu kwa hatua hii. Betri ni sehemu ya bei kubwa, ndiyo inayozeeka hata ukiiacha bila kuitumia, na ndiyo inayoweza kuwaka moto ikiwa ni duni.

Kwanza ukubwa. Usilinganishe ampea-saa (Ah) peke yake. Linganisha wati-saa, Wh: volti zidisha kwa ampea-saa. Betri ya volti 36 na Ah 14 ni Wh 504. Ya volti 48 na Ah 10.5 ni hizo hizo Wh 504. Mpandaji anayekanyaga mwenyewe kwenye njia ya kawaida hutumia kama Wh 10 hadi 15 kwa kilomita. Ukiweka msaada wa juu kabisa, mzigo mzito na milima, 20 na zaidi si ajabu. Chukua kilomita zako, zidisha kwa 12, kisha gawanya kwa 0.8 ili ubaki na akiba ya uzee na siku za baridi. Safari ya kilomita 40: 40 mara 12 ni 480, gawanya kwa 0.8 unapata Wh 600. Kama njia yako yote ni milima, anza na 18 badala ya 12.

Umbali ulioandikwa kwenye tangazo, "hadi kilomita 150", umepimwa kwa msaada mdogo kabisa, mpandaji mwepesi na barabara tambarare. Usipangie safari kwa namba hiyo.

Pili, usalama. Tafuta alama za viwango kwenye lebo ya betri au ya baiskeli: UL 2849 kwa mfumo mzima wa umeme, UL 2271 kwa betri, EN 15194 kwa baiskeli zinazouzwa Ulaya. Piga picha ya lebo, usome ukiwa umetulia nyumbani. Chaja iwe ya betri hiyo hiyo. Chaja ya volti zaidi ni njia ya haraka ya kuunguza nyumba, hata kama plagi inaingia bila shida.

Tatu, na hili wengi hawaliulizi mpaka wamechelewa: betri hiyo itapatikana baada ya miaka mitano? Kwenye mifumo mingi ya krenki, betri na mota zinazungumza kwa programu. Betri ya kampuni nyingine haitawasha mota hata kama volti ni sawa na umbo linaingia. Hata ndani ya kampuni moja, kizazi kipya cha betri hakikubaliani kila mara na mota ya kizazi cha zamani. Kwa hiyo muulize muuzaji maswali manne, uandike majibu:

- Namba kamili ya betri hii ni ipi, na inauzwa peke yake leo?
- Inatumika kwenye modeli ngapi nyingine? Betri inayotumiwa na baiskeli nyingi ina maisha marefu sokoni kuliko iliyotengenezewa fremu moja.
- Inatoka kwenye fremu kwa ufunguo, au lazima mota ishushwe kwanza?
- Ufunguo ukipotea, namba ya ufunguo iko wapi?

Kama hawezi kujibu la kwanza, mimi singeendelea na baiskeli hiyo, hata kama inapendeza namna gani.

Hatua ya 5: Gia na cheni

Mota ya krenki inapitisha nguvu zako na zake kwenye cheni moja, kwa hiyo cheni na sproketi zinakwisha mapema kuliko kwenye baiskeli ya kawaida. Hilo halikwepeki, lakini unaweza kuchagua vitu vinavyovumilia.

Sproketi za nyuma ziwe za chuma, hasa zile ndogo unazozitumia kila siku. Zile nyepesi za alumini zinaliwa haraka. Gia 9 au 10 zenye cheni nene kidogo zinatosha kabisa. Gia 12 zina cheni nyembamba na vipuri ghali, na mota tayari inaziba pengo ambalo gia nyingi zingeziba. Mpandaji wa kila siku simshauri.

Ukipendelea gia za ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), uliza kama habu hiyo imeidhinishwa kwa mota yako na kwa Nm ngapi. Shimano Nexus Inter-5E, kwa mfano, imetengenezwa kwa ajili ya baiskeli za umeme. Habu ambayo haikuundwa kwa mzigo wa mota itavunjika meno ndani, na fundi hataiona mpaka aifungue. Habu ya ndani inakuruhusu pia kutumia mkanda badala ya cheni. Mkanda ni msafi na hautaki mafuta, lakini fremu lazima iwe na sehemu inayofunguka nyuma ili mkanda uingie. Huwezi kuuongeza baadaye kwenye fremu isiyo na nafasi hiyo.

Jifunze pia jambo hili kabla ya kuendesha hata mita mia: kabla ya kubadilisha gia, legeza mguu kwa nusu mzunguko, badilisha, kisha kanyaga tena. Shusha gia kabla mlima haujakukaba. Kabla ya kusimama kwenye taa, weka gia ya kuondokea. Mwenye tabia hiyo cheni yake inadumu. Mwenye kubadilisha huku mota inavuta kwa nguvu zote ataikata tu.

Hatua ya 6: Fremu, breki na tairi

Hapa sina mengi. Breki ziwe za diski zenye mafuta, diski ya mbele iwe milimita 180 au zaidi ukibeba mzigo. Soma uzito wa juu unaoruhusiwa na fremu. Namba hiyo inajumlisha baiskeli yenyewe, wewe na mzigo, si wewe peke yako. Tairi pana kiasi zinasaidia starehe na kuzuia pancha za kubanwa. Fremu iwe saizi yako. Mota haitibu mgongo unaouma kwa sababu usukani uko mbali.

Hatua ya 7: Fundi, programu na vipuri

Mota ya krenki imefungwa kwa boliti kwenye umbo maalumu la fremu. Fremu ya Bosch haipokei mota ya Shimano, na ya Shimano haipokei ya Yamaha. Ukinunua, umefunga ndoa na mfumo huo kwa maisha yote ya fremu. Ndiyo maana nilisema fundi apigiwe simu kwanza.

Muulize fundi: unayo programu ya kuisoma mota hii? Unapata vipuri vyake? Mota ikifa, inafunguliwa au inabadilishwa nzima? Kampuni kubwa nyingi hubadilisha mota nzima. Hilo si baya ukiwa ndani ya udhamini, ila baada ya hapo ni mzigo. Upande mwingine kuna mota za kufunga mwenyewe kwenye baiskeli ya kawaida, kama Bafang BBS02, BBSHD na Tongsheng TSDZ2. Hizo fundi mwenye subira anazifungua, anabadilisha gia ya nailoni ya ndani, anapaka grisi na kuzirudisha. Zinatumia betri za kawaida zisizo na kufuli la programu. Kwa anayeishi mbali na duka la kampuni, hiyo ni faida kubwa kuliko Nm 20 za ziada.

Ukichagua njia hiyo ya kujifungia, pima kwanza upana wa bomba la krenki kwenye fremu yako. Matoleo ya kawaida yanataka milimita 68 hadi 73. Angalia kama bomba la nyuma la fremu halitagusana na mota au sproketi. Usifunge mota hizi kwenye fremu ya kaboni. Na kumbuka BBS02 na BBSHD zina sensa ya mzunguko, TSDZ2 ina ya nguvu. BBSHD kwenye cheni nyembamba iliyochoka, ikiwa imewekwa nguvu zote, haina huruma.

Onyo: usikubali baiskeli ambayo ukomo wake wa kasi umechezewa. Udhamini unakufa, bima inaweza kukukana, na mota inafanya kazi nje ya joto ililopangiwa.

Hatua ya 8: Ijaribu kwa mpangilio

Kuzunguka uwanja wa duka hakukuonyeshi kitu. Omba mlima. Fanya hivi:

1. Iwashe bila kukanyaga pedali. Sensa ya nguvu hujipima wakati wa kuwaka, na mguu ukiwa juu ya pedali itaanza na kipimo kibovu.
2. Endesha kwanza na mota ikiwa imezimwa. Pedali zikiwa nzito kupita kiasi, utaziona nzito hivyo hivyo kila ukivuka kasi ya ukomo au betri ikiisha.
3. Washa msaada wa chini, ondoka kwenye kona ukiwa unapinda. Ikikusukuma kwa kishindo, fikiria siku ya mvua.
4. Panda mlima kwa gia nyepesi, simama katikati, ondoka tena. Hapo ndipo penye jaribio lenyewe.
5. Fika kasi ya ukomo kwenye tambarare. Msaada unapaswa kuondoka polepole, usihisi kama umegonga ukuta.
6. Acha kukanyaga ghafla. Mota ikiendelea kusukuma zaidi ya kitambo kidogo, uliza kama inarekebishika.
7. Jaribu kitufe cha kutembea nayo, kile kinachoisukuma taratibu hadi kilomita 6 kwa saa. Ukiwa na ngazi au njia ya mteremko nyumbani, utakitumia kila siku.
8. Sikiliza. Mlio mwembamba wa kuimba chini ya mzigo ni wa kawaida. Kukwaruza, au kugonga mara moja kila mzunguko wa pedali, si kawaida.

Kisha inyanyue kwa mizani, uone kama namba inalingana na ngazi zako.

Hatua ya 9: Kama ni ya mtumba

Baiskeli ya mtumba ya mfumo huu inaweza kuwa nafuu nzuri au shimo. Anza na cheni, kwa sababu inakueleza mwenye nayo aliitunzaje. Weka rula katikati ya pini moja, hesabu nafasi 24 kati ya pini na pini. Cheni mpya inasoma milimita 304.8. Ikifika kama 306.3 imerefuka asilimia 0.5, na kwa gia 11 au 12 ni ya kubadilisha. Kwa gia 9 au 10 unaweza kuvumilia hadi kama 307. Ikipita hapo, hesabu na sproketi pia kwenye bei unayotaka kulipa.

Betri ichajiwe hadi mwisho mbele yako, kisha pima kwa mita kama vituo vyake (ncha zinazopitisha umeme) vinafikika. Ya volti 36 inapaswa kusoma karibu 42, ya volti 48 karibu 54.6. Ikisoma chini sana huku chaja inasema imejaa, kuna seli zilizokufa. Lakini volti nzuri hazithibitishi ujazo. Endesha mlima ukitazama alama za chaji. Zikiporomoka ghafla kutoka nusu hadi sifuri, betri imechoka. Betri nyingine hazitoi volti mpaka ziunganishwe na baiskeli yake. Kwa hizo, omba ripoti ya duka la kampuni inayoonyesha mara ngapi imechajiwa na ujazo uliobaki.

Angalia boliti za mota. Vichwa vilivyokwaruzwa vinamaanisha imeshashushwa, uliza kwa nini. Dai risiti ya kwanza, chaja yake halisi na funguo zote mbili. Namba ya fremu ilingane na karatasi.

Ikianza kusumbua

Msaada unakatika baada ya mita chache na skrini inaonyesha kosa la kasi, kwa mfano 503 kwa Bosch au 21 kwa Bafang. Tazama sumaku kwenye spoki ya gurudumu la nyuma kabla ya kitu kingine chochote. Mara nyingi imegongwa ikageuka, au imeteleza mbali na sensa yake. Irudishe ipite karibu na alama ya sensa bila kuigusa, kaza skrubu, zima na uwashe. Kazi ya dakika mbili ambayo watu huipelekea mota nzima kwa fundi.

Shimano inaonyesha W013, msaada ni dhaifu: uliiwasha ukiwa umekanyaga pedali. Izime, ondoa miguu, iwashe tena.

Haiwaki kabisa. Toa betri, kagua vituo vyake kama vina kutu, vumbi au maji, futa kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka usikie imejifunga. Baiskeli nyingi "zilizokufa" zina betri ambayo haikuingia hadi mwisho.

Pedali zinateleza ukikanyaga kwa nguvu kwenye gia fulani. Sproketi hiyo imeliwa, meno yake yamechongoka. Ukibadilisha cheni peke yake itazidi kuteleza. Badilisha vyote viwili.

Mlio wa kukwaruza baada ya kuosha. Usioshe kwa mashine ya maji ya shinikizo, maji yanapenya kwenye beringi za mota. Iache ikauke mahali pakavu, endesha taratibu, na kama mlio unabaki, fundi aifungue kabla kutu haijakaa.

Umbali umepungua ghafla. Kabla ya kuilaumu betri, pima upepo wa tairi, zungusha magurudumu uone kama breki inagusa diski, na kumbuka kama ni msimu wa baridi. Betri iliyolala kwenye baridi hutoa kidogo. Ichajie ndani, wala usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0. Ukiiweka muda mrefu bila kuitumia, iache na chaji ya asilimia 30 hadi 60.

Betri imevimba, inanuka kemikali, imeanguka ikapasuka ganda, au inapata joto ambalo huwezi kuishikia mkono wakati wa kuchaji. Usiichaji tena, usiifungue, usiilaze ndani ya nyumba. Itoe nje, iweke juu ya saruji au ardhi tupu mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha wasiliana na duka au wanaopokea taka za betri kabla ya kuisafirisha.